P/E: unalipia faida ya miaka mingapi?

Mtu akikuuzia bodaboda kwa shilingi milioni 3, nayo baada ya mafuta, matengenezo na ujira wa dereva inakuachia milioni 1 kwa mwaka, hesabu ni fupi: miaka 3 pesa yako imerudi. Hisa nazo hupimwa hivyo hivyo. Chukua bei ya hisa moja, igawe kwa faida halisi ya kila hisa katika miezi 12. Jibu ndilo P/E, yaani uwiano wa bei na faida. P/E ikiwa 15, unatoa shilingi 15 kununua kila shilingi moja ya faida ya mwaka.

Hisa za teknolojia mara nyingi huwa na P/E kubwa kuliko za benki au saruji, kwa kuwa wanunuzi wanatarajia faida ikue haraka. Matarajio hayo nayo yanalipiwa, na hapo ndipo wengi huteleza.

Tazama Cisco, watengenezaji wa mitambo inayoongoza data kwenye intaneti. Machi 2000 hisa yao ilifika dola 80, na kampuni nzima ikathaminiwa zaidi ya dola bilioni 500. Faida yao ya mwaka wa fedha ulioisha Julai 2000 ilikuwa takribani bilioni 2.7. Gawanya mwenyewe: inazidi 180. Kufikia Oktoba 2002 hisa hiyo ilikuwa chini ya dola 10. Lakini kampuni haikufa. Mauzo yalipanda kutoka bilioni 18.9 mwaka 2000 hadi bilioni 40 mwaka 2010, na faida ikakaribia kuongezeka mara tatu. Hata hivyo, aliyenunua kwa dola 80 alikuwa bado amekwama, kwani mwaka huo wa 2010 hisa haikufika hata nusu ya bei yake. Kampuni nzuri, bei mbaya.

Namba za kukokotoa hupatikana bure. Kampuni zilizoorodheshwa Marekani huweka taarifa zao kwenye EDGAR, hifadhi ya mdhibiti wa masoko ya mitaji: 10-K ni ripoti ya mwaka, 10-Q ya robo mwaka. Mimi huanzia hapo kabla ya kumsikiliza mchambuzi yeyote wa YouTube. Ukitajiwa P/E, uliza kwanza ni ya faida iliyokwisha patikana au ya faida inayokisiwa mwakani. Ya pili huwa ndogo na ya kuvutia, ila imejengwa juu ya makisio.

Kipimo hiki kina kikomo. Kampuni isiyo na faida haina P/E ya maana. Amazon haikupata faida ya mwaka mzima hadi 2003, kwa hiyo kabla ya hapo watu walilinganisha bei na mauzo.

Kwa hisa za nyumbani, Safaricom ni zoezi zuri. Biashara yake ya Ethiopia, iliyozinduliwa rasmi Oktoba 2022, ilianza kwa hasara, na hasara hiyo ikapunguza faida ya kundi zima. Ukitumia faida ya Kenya peke yake, hisa inaonekana rahisi. Ukijumlisha Ethiopia, P/E inapanda. Mimi hukokotoa zote mbili na kuziandika daftarini pamoja na tarehe, kila ripoti inapotoka.