Je, wajua kwa nini gego likishang'olewa halioti tena?

Jumamosi moja nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya meno, ghorofa ya pili, barabara moja nyuma ya Moi Avenue. Mzee aliyeketi kando yangu alikuwa ameshika shavu kwa leso, na kila alipofungua mdomo harufu ya karafuu ilinifikia. Usiku kucha alikuwa ameshindilia punje moja ndani ya tundu la gego. Akaitwa, akaingia, na baada ya robo saa akatoka akiuma pamba, jino lake likiwa ndani ya kikaratasi mkononi. Akaketi kusubiri dawa, akanigeukia na kuniuliza kwa ule mdomo mzito wa mtu aliyedungwa ganzi: "Kijana, simu inatuma pesa, inapiga picha, inaongea. Kweli wameshindwa kuotesha jino?"

Sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo, walau nusu.

(Kuhusu karafuu mzee hakukosea. Mafuta yake yana kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hutuliza maumivu na ambacho madaktari wa meno wamekichanganya kwenye dawa za kuzibia meno kwa miaka mingi. Ile harufu ya kliniki ya meno inayokutisha mlangoni, sehemu kubwa ni karafuu.)

Kuna wanyama ambao swali la mzee wangelicheka. Papa hudondosha meno na kuota mengine maisha yake yote. Mamba anaweza kubadilisha kila jino lake hadi mara 50 hivi. Tembo, ambaye ni jirani yetu zaidi, hupewa seti 6 za magego, nazo huja kama matatu kwenye steji: la mbele likishalika na kuondoka, la nyuma linasogea mahali pake. Seti ya 6 ikiisha, tembo mzee hushindwa kutafuna na hufa kwa njaa hata kama nyasi zimejaa.

Sisi tumepewa mbili tu, meno 20 ya utotoni na 32 ya ukubwani. Mtoto akiwa bado tumboni, ndani ya taya lake kuna ukanda mwembamba wa seli ambao ndio kitalu cha meno. Humo huchipuka meno ya utotoni, kisha ya ukubwani, halafu ukanda wenyewe hukatikakatika na kuyeyuka. Kitalu kimefungwa. Mamba hakufunga chake. Hata ile enameli, gamba gumu la nje, huundwa na seli ambazo hufa jino linapochomoza, na ndiyo maana mfupa uliovunjika huunga lakini jino lililotoboka halijizibi.

Kwa nini tukafungiwa? Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba sisi wanyama tunaonyonyesha watoto tunatafuna, na kutafuna kunataka jino la juu na la chini vikutane sawasawa. Mamba hatafuni, anashika na kumeza, kwa hiyo pengo moja halimsumbui.

Na meno yametutesa tangu zamani. Hapa hapa Nairobi, kwenye Makumbusho ya Kitaifa, kuna mifupa ya yule mvulana wa Turkana aliyegunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu na wenzake, mifupa yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Taya lake la chini limelika pale gego la utotoni lilipotoka. Baadhi ya wataalamu wamefikiri kwamba usaha wa hapo uliingia kwenye damu ukamuua. Nilisimama mbele ya taya lile nikajikuta nalamba magego yangu kwa ulimi.

Sasa turudi kwa mzee. Huko Japani, daktari Katsu Takahashi na wenzake wamekuwa wakifuatilia protini iitwayo USAG-1. Kazi yake mwilini ni kama breki: huzuia ishara zinazoliambia chipukizi la jino likue. Wao wanaamini kwamba kitalu chetu hakikuyeyuka chote, kwamba kwenye taya hubaki mabaki ya seti ya tatu, yamelala kwa sababu breki imekanyagwa. Wakatengeneza dawa ya kuishika protini hiyo isifanye kazi. Mwaka 2021 walichapisha matokeo: panya waliozaliwa wakiwa na upungufu wa meno waliota meno, na fereti, kanyama ka ukoo wa kicheche ambako nako kana seti mbili kama sisi, akaota jino la ziada la mbele. Mwaka 2024 majaribio kwa binadamu yakaanza jijini Kyoto, kwa wanaume 30 wa umri wa miaka 30 hadi 64, kila mmoja akiwa na pengo la nyuma lisilopungua moja. Awamu hiyo ya kwanza ilikuwa ya kupima usalama tu. Watakaofuata ni watoto waliozaliwa bila meno kadhaa, na nia yao ni dawa iwe tayari kufikia mwaka 2030.

Mimi nafurahi, lakini nina maswali ya mlalahoi. Dawa inaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima; nani ataielekeza kwenye pengo langu la kushoto? Je, likiota jino la mbele mahali pa gego? Halafu muda. Gego la kwanza la ukubwani huanza kuwa gumu karibu na wakati mtoto anapozaliwa na huchomoza akiwa na miaka 6 hivi. Mzee wa miaka 70 atangoja hadi lini, ilhali skrubu ya chuma cha titani inayochomekwa kwenye taya ibebe jino bandia, ambayo daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alianza kuwawekea wagonjwa mwaka 1965, hushikana na mfupa kwa miezi michache? Ghali ndiyo, lakini ipo.

Kinachobadilika haraka zaidi ni kiti chenyewe cha daktari. Picha ya kwanza ya eksirei ya meno alijipiga Mjerumani Otto Walkhoff mwaka 1896, akakaa dakika 25 bila kutikisika. Leo ni kufumba na kufumbua, na picha inasomwa na programu ya akili unde inayozungushia duara tundu ambalo jicho lililochoka saa kumi na moja jioni lingelipita. Ule ujiuji unaotiwa mdomoni upate umbo la meno, ukakutapisha, unaondolewa na kamera nyembamba inayopita juu ya meno na kuyachora kwenye skrini. Mashine ikachonga kofia ya jino papo hapo; uchongaji wa aina hiyo ulianza Zurich, Uswisi, mwaka 1985, kwa vipande vya kuzibia tundu.

Hapa nina wasiwasi wa Kikenya. Programu hizi hujifunza kwa picha zilizolishwa. Wengi wetu tuliokulia Naivasha au Nakuru, na hata mitaa ya Nairobi inayokunywa maji ya visima, meno yetu yana madoa ya kahawia kwa sababu ya madini mengi ya floridi kwenye maji. Programu iliyofunzwa kwa meno meupe ya ng'ambo inaweza kuona doa la maji hayo ikapiga kelele kwamba jino limeoza. Ni lazima ifunzwe kwa midomo yetu pia.

Na teknolojia ninayoipigia debe mimi haina hata waya. Ni kichupa cha dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi. Daktari anapaka tone juu ya tundu, bila sindano wala mashine ya kutoboa, na mara nyingi uozo unasimama. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi tititi. Wajapani wameitumia kwa zaidi ya miaka 50, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Mtoto wa shule ya msingi Kayole anaweza kupakwa akiwa ameketi kwenye dawati lake. Ila ni lazima apakwe mapema, kabla uozo haujafika kwenye neva.

Tulishuka ngazi pamoja na mzee siku ile. Akaniambia daktari amemwonya kwamba gego la jirani nalo limeanza tundu dogo, arudi wiki ijayo lizibwe. Nikamuuliza kama atarudi.

"Lile?" akasema, akitema mate yenye damu kwenye leso. "Lile bado haliumi."