Kugawana faida si kumgawia mkeo

Nimelisikia tena wiki hii, kwenye harusi, kutoka kwa ndugu yetu mwenye biashara ya kusafirisha mizigo hapa Uingereza: "Mimi na mama watoto tunagawana faida, kwa hiyo kodi inapungua." Nikamuuliza biashara iko kwa jina la nani. La kwake. Mkewe ni mbia? Hapana. Kumbe kila mwisho wa mwezi humtumia mkewe pauni elfu moja, na mwaka ukiisha huzitoa kwenye hesabu ya faida kabla ya kujaza fomu ya kodi. Huko si kugawana, na mamlaka ya kodi, HMRC, ikimkagua, atadaiwa kodi yote pamoja na riba, na huenda faini juu yake.

Maana yenyewe ni fupi. Wanandoa wanagawana faida pale biashara ilipopangwa ili faida, tangu inapopatikana, iwe mapato ya watu wawili, na kila mmoja alipie kodi fungu lake. Inasaidia kwa sababu tangu Aprili 1990 Uingereza humtoza kila mwanandoa peke yake. Kabla ya hapo mapato ya mke yalihesabiwa kuwa ya mume. Leo kila mmoja ana pauni 12,570 za kwanza zisizotozwa, kisha 20% hadi kufikia 50,270, kisha 40%. Faida ya 60,000 ikiwa ya mtu mmoja asiye na kipato kingine, kodi yake ya mapato ni 11,432. Ikiwa ya wabia wawili nusu kwa nusu, ni 3,486 kila mmoja, jumla 6,972. (Scotland ina viwango vyake, na michango ya Bima ya Taifa sijaitia humo.) Bila shaka kama mke tayari ana mshahara mnono wa unesi, hesabu hubadilika kabisa.

Sasa neno. Kiswahili chetu kimeshaliweka jambo hili wazi kuliko vitabu vingi vya kodi. Kutoka "gawa" tunapata "gawia" na "gawana". Anayegawia ana kitu mkononi, nacho ni chake; anakata kipande anampa mwingine. Wanaogawana wana kitu cha pamoja, na kila mmoja anachukua lililo lake. Sheria ya kodi inauliza hilo hilo: kabla pesa haijafika kwa mke, ilikuwa ya nani? Kama ilikuwa ya mume, kodi ni ya mume, na alichompa mkewe ni zawadi iliyotoka kwenye pesa iliyokwisha kutozwa.

Hata "gawio", yaani fungu la faida linalolipwa kwa wenye hisa, limetoka kwenye "gawia", na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Anayegawia katika gawio ni kampuni, na anayegawiwa ni mwenye hisa. Mume hayumo. Mke asiye na hisa hapati gawio hata mumewe aliite hivyo mara mia.

Watu wa pwani wataelewa upesi, maana kwetu mnazi unaweza kuwa na mwenyewe, na shamba likawa na mwingine. Kumpa mtu mnazi ni jambo moja. Kumwangulia madafu kila msimu ni jambo jingine, kwani mnazi unabaki wako. Mahakama za Uingereza zimepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1996, katika kesi ya Young dhidi ya Pearce, waume walikuwa wamewapa wake zao hisa za upendeleo zilizobeba haki ya gawio na karibu hakuna jingine. Walishindwa: walichotoa ni madafu. Kisha wakaja Geoff na Diana Jones. Geoff alikuwa mtaalamu wa kompyuta, Diana akishika hesabu na makaratasi saa chache kwa wiki, na kila mmoja alikuwa na hisa moja ya kawaida katika kampuni yao, Arctic Systems. Mamlaka ilitaka gawio la Diana litozwe kama mapato ya Geoff. Kesi ilipanda hadi Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati huo, na mwaka 2007 wanandoa wakashinda, kwa kuwa hisa ya kawaida ina kura na ina haki katika mali ya kampuni, si gawio peke yake. Diana alikuwa na mnazi.

Kinga iliyowaokoa, yaani kwamba mali yenyewe mume akimpa mkewe, mapato yake hayahesabiwi tena kuwa ya mume, ni ya wanandoa wanaotambuliwa na sheria. Nikaha iliyofungwa hapa Uingereza mbele ya sheikh bila kusajiliwa haimo, ilhali iliyofungwa kihalali Zanzibar au Mombasa hutambuliwa. Jambo hili linawaumiza watu wetu, na halisemwi vya kutosha.

Mshahara nao ni njia halali, lakini si kugawana faida. Mshahara hutoka kabla faida haijapatikana, kwa kazi iliyofanywa kweli, kwa kiasi ambacho ungemlipa mtu baki, na pesa iingie kweli kwenye akaunti yake.

Na ubia una uzito wake. Mbia huyo huyo anayegawana nawe faida anadaiwa madeni ya biashara pamoja nawe, kwa hiyo mke aulizwe kwanza, asije kukuta jina lake kwenye karatasi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa mizigo, pauni elfu moja za kila mwezi endelea kumpa, ni haki yake na ni jambo jema. Sema tu kwamba unamgawia, na kwenye fomu uandike faida yote kwa jina lako, hadi siku mtakapoandikishana kuwa wabia.