Geni si volyumu

Wapiga gitaa wengi, hata mafundi mitambo, hulitumia neno geni kana kwamba ni jina jingine la volyumu. Anayeumia zaidi kwa mchanganyo huo ni mpiga ridhimu.

Geni ni kiasi ambacho hatua ya kwanza ya amplifaya inaikuza ishara dhaifu inayotoka kwenye pikapu, kifaa cha gitaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi. Volyumu, au masta kwenye amplifaya yenye nobu (vitufe vya kuzungusha) zote mbili, huamua sauti itoke kwenye spika kwa ukubwa gani. Maana ni hiyo tu. Kazi ipo kwenye kinachotokea geni inapozidi.

Hatua hiyo ya kwanza ina kikomo, na ishara ikikipita, vilele vya mawimbi hukatwa. Kuanzia hapo gitaa haliongezeki sana ukubwa. Pigo la taratibu hupanda, pigo la nguvu hubaki palepale, mpaka yanakaribia kulingana. Sasa ridhimu ni nini kama si tofauti ya pigo na pigo? Katika fanki au rege, ule mshtuko mfupi wa mwanzo wa pigo ndio unaopenya kati ya drams na besi, na ndio wa kwanza kufutika.

Halafu kuna kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Noti zinazopigwa pamoja na kukatwa vilele huzaa noti nyingine, kwa masafa yao (mitetemo kwa sekunde, yaani Hz) kujumlishwa na kutolewa. Piga E ya 164.8 Hz na B ya 246.9 Hz: tofauti ni 82.1, karibu kabisa na E ya oktavu ya chini, kwa hiyo sauti inanenepa bila kuchafuka. Ndiyo maana roki nzito inapenda kodi za noti mbili. Ongeza G# ya 207.7 kati yao, nazo tofauti mpya ni takribani 43 na 39. Hizo hazipatani, zinasuguana, na kodi inageuka ngurumo. Kidole kiko mahali pake na gitaa limetyuniwa. Kilichozidi ni geni.

Kwa hiyo panga masta kwanza, bendi yote ikipiga. Teremsha geni hadi chini, piga kwa nguvu kodi yenye noti nyingi kuliko zote za wimbo huo, kisha panda polepole. Ikianza kuchanika, rudi nyuma kidogo. Masta rekebisha tena, maana nobu hizi mbili huvutana.

Kama gitaa bado linazama, gusa sauti za kati kabla ya kitu kingine. Wengi huzishusha kwa sababu gitaa likiwa peke yake linasikika nene na tamu, lakini humo ndimo linamosikika bendi ikianza. Punguza pia besi. Chini ya 100 Hz waachie gitaa la besi na kiki, ile dramu kubwa ya mguu. Pikapu ya darajani, upande nyuzi zinakoishia kwenye mwili wa gitaa, hupenya vizuri zaidi kuliko ya shingoni.

Kinachochanganya watu, kwa haki, ni volyumu ya gitaa lenyewe. Amplifaya ikiwa tayari inakwaruza, kuishusha kutoka 10 hadi 6 husafisha sauti zaidi ya kuipunguza, yaani hapo inafanya kazi ya geni. Basi ukiambiwa uongeze geni kwenye wimbo wa kodi kamili, muulize mwenzako kwa upole kama anataka mkwaruzo au ukubwa. Kama ni ukubwa, nobu anayoitafuta ni masta.