Wati ni nini, na kwa nini pawa saplai na kipoza joto huchaguliwa pamoja

Kijana mmoja wa Kondele, hapa Kisumu, aliniletea kompyuta yake ya gemu kwa boda, ameipakata mapajani huku ameizungushia shuka. "Fundi," akaniambia, "kwenye menyu inakaa vizuri tu. Nikiingia mahali pa vita, inazima. Tena si polepole. Pap!" Ndani mlikuwa na kadi ya grafiki ya RTX 3060 ambayo alikuwa ameidundulizia kwa miezi mingi. Pawa saplai ilikuwa na maandishi makubwa: wati 600. Nikaifungua, nikaigeuza, nikasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kwenye safu ya volti 12 paliandikwa ampea 18.

Nikamwambia, "Kaka, kwa kazi unayoitaka, hii ni ya wati 216."

Hesabu yenyewe ni fupi. Wati ni volti (msukumo wa umeme) mara ampea (wingi wa umeme unaopita), na 12 mara 18 ni 216. Wati ni kipimo cha kasi ya kutumia nishati: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja nzima, kinakula yuniti moja ya tokeni. Basi unapoambiwa kadi ya RTX 3060 ni ya wati 170, maana yake ni kwamba ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inanyonya stima kwa kasi hiyo, dakika baada ya dakika, mpaka uache kucheza.

Kazi ya pawa saplai ni kubadilisha stima. Ile ya ukutani hapa Kenya ni ya volti 240, na huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kila sekunde. Kompyuta haiwezi kuitumia hivyo. Inataka volti 12, volti 5 na volti 3.3, tena zilizotulia, zisizogeuka mwelekeo. Zamani sehemu nyingi za kompyuta zilikula volti 5 na 3.3. Siku hizi wakubwa wa nyumba, prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya grafiki, karibu chakula chao chote hutoka kwenye volti 12. Anayetaka kuuza kitu dhaifu hujumlisha uwezo wa njia zote, na zile ambazo huzihitaji zikiwemo, kisha akaandika 600 juu ya boksi. Ndiyo maana huwa sitazami boksi. Natazama ampea za volti 12. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 utaikuta na ampea kama 45 hapo, yaani wati 540, karibu uwezo wake wote.

Sasa nusu ya pili ya jambo, ambayo wengi huiona kana kwamba ni habari nyingine kabisa.

Kinu cha kusagia mahindi kinakula stima na kutoa unga, na hata unga wenyewe ukiushika unakuta una vuguvugu. Kompyuta haisagi chochote. Picha inazochora na hesabu inazofanya hazibebi nishati ya kuonekana. Karibu kila wati iliyoingia inaishia kuwa joto. Mashine inayokula wati 350 ni sawa na theluthi ya pasi ya umeme ya wati 1,000, iliyoachwa inawaka chini ya meza yako. Kwa hiyo wati zinazoingia kupitia pawa saplai ndizo hizo hizo kipoza na feni vinatakiwa kuzitoa nje. Ukishazihesabu mara moja, umepata jibu la vyote viwili.

Tuhesabu mashine ya yule kijana. Prosesa yake ni Core i5-12400. Kwenye boksi imeandikwa wati 65, lakini hizo ni za mwendo wa kawaida. Intel wenyewe wanasema ikikaza mwendo inafika 117. Kadi ni 170. Mazabodi (bodi kuu ya ndani), memori, diski na feni niliziwekea 50 kwa pamoja. Jumla ni 337. Kuna atakayesema basi ya 350 inatosha. Haitoshi, na sababu si anasa. Kadi za kisasa hazili kwa mkupuo mmoja ulio sawa. Kwa muda mfupi mno, sehemu za elfu za sekunde, zinaweza kudai mara mbili ya kiwango chake, kisha zikatulia. Pawa saplai dhaifu ikidaiwa hivyo, inadhani kuna hitilafu na kujizima ili isiungue. Hiyo ndiyo "pap" aliyoisikia kila alipoingia vitani. Kanuni za utengenezaji, ATX 3.0 za mwaka 2022, zinadai pawa saplai istahimili hata mara mbili ya uwezo wake kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, kwa sababu watengenezaji waliliona tatizo hili. Kwa RTX 3060, NVIDIA waliyoiunda hupendekeza pawa saplai ya wati 550, na mimi nakubaliana nao. Mzigo wa 337 juu ya 550 ni kama asilimia 61. Inafanya kazi bila kuhema, na feni yake haipigi kelele.

Utaona pia alama za 80 PLUS: Bronze, Gold na nyinginezo. Hizo zinapima jambo moja tu, yaani katika stima inayovutwa ukutani, ni kiasi gani kinachofika kwenye kompyuta na kiasi gani kinachopotelea njiani kama joto. Kwa vipimo vya volti 115, Bronze ikiwa nusu ya mzigo hufikisha asilimia 85, Gold asilimia 90. Kwa mashine yetu ya wati 337, tofauti ni kama wati 22 ukutani. Ukicheza saa nne kila siku, mwezi mzima ni yuniti 2.6 hivi. Usinunue Gold kwa ajili ya tokeni basi. Alama hiyo pia haikuahidi kwamba ndani mna kinga ya shoti, ya volti kupanda au ya joto kuzidi. Kinga hizo zisome kwenye maelezo ya mtengenezaji mwenyewe, na ukiona hazikutajwa popote, irudishe kwenye rafu.

Kuna jambo naliogopa kweli, na nalitaja kila ninapopata nafasi. Vijana wengi huanza na kompyuta za mtumba za ofisini. Ni mashine imara. Lakini pawa saplai zake nyingi ni za wati 240 hivi, soketi zake mara nyingi ni za kampuni husika pekee, na hazina waya wa pini nane wa kadi ya grafiki. Mtu hununua adapta ya bei ndogo inayochukua stima kwenye waya wa diski ya SATA na kuigeuza kuwa pini nane. Soketi ya SATA imejengwa kubeba ampea 4.5 za volti 12, yaani wati 54. Pini nane zinaruhusiwa kudai wati 150. Plastiki inayeyuka, na nimeiona ikiwa imeganda nyeusi kwenye nyaya. Kwa mashine kama hizo chukua kadi isiyohitaji waya wowote, kama zile GTX 1650 zinazoishi kwa wati 75 za mazabodi, na ukae kwa amani.

Turudi kwenye joto. Prosesa ni ndogo kuliko kiberiti, na wati 117 zinachemka hapo. Kipoza kinafanya kazi ya kulitawanya joto hilo mahali papana ili hewa ilichukue. Chini kabisa kuna pesti, tabaka jembamba linaloziba vinyweleo visivyoonekana kati ya chuma na chuma, kwa sababu hewa iliyonaswa hapo hairuhusu joto kupita. Pesti ya ukubwa wa punje ya njegere yatosha. Juu yake kuna mabomba ya shaba, na hayo ndiyo yenye maajabu. Ndani ya kila bomba mna maji kidogo, na hewa imenyonywa karibu yote. Upande wa prosesa maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unakuwa maji tena na kuacha joto lake hapo, kisha maji yanarudi chini kupitia utambi wa ndani. Aliyewahi kufunua sufuria ya githeri kwa pupa akaunguzwa mkono na mvuke anajua mvuke una joto kiasi gani. Mabomba hayo yamepenya kwenye mapezi membamba ya alumini, na feni inapuliza katikati ya mapezi.

Kipoza kinachokuja ndani ya boksi la i5-12400 kinaiwezesha kufanya kazi, ila kwa kelele na kwa joto la juu. Cha mnara, chenye mabomba manne na feni ya milimita 120, kinaimudu bila shida. Pima kwanza upana wa kesi yako, maana minara mingi ina urefu wa milimita 155 hivi na mlango wa kesi nyembamba hautafunga. Hakikisha pia kina vyuma vya soketi yako: LGA1700 kwa prosesa hiyo, AM4 au AM5 kwa Ryzen, prosesa za AMD. Vipoza vya maji ninavishauri kwa prosesa kubwa tu, za aina ya Core i9-13900K inayofika wati 253. Pampu ikifa, prosesa inafika kikomo cha joto upesi, na mashine inapunguza mwendo au kujizima mpaka ununue kipoza kingine. Kwenye mnara, kinachokufa ni feni, na feni unaibadilisha mwenyewe jioni hiyo hiyo.

Hapa ndipo mji unapoingia kwenye hesabu. Kipoza cha hewa au cha maji hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kinachokuahidi ni tofauti. Tuseme kipoza fulani huiacha prosesa nyuzi 45 juu ya hewa ya chumbani. Nakuru, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, jioni chumba kina nyuzi 22, prosesa iko 67. Mashine hiyo hiyo, gemu ile ile, iweke Nyalenda, hapa Kisumu, katika nyumba ya mabati isiyo na siling'i, chumba nyuzi 34: prosesa iko 79. Hakuna kilichoharibika. Lakini ukiongeza vumbi au kesi isiyopumua, unakaribia 100, kikomo cha prosesa hiyo, na kabla ya kuungua itaanza kupunguza mwendo wake yenyewe. Gemu linakwamakwama, na mtu analaumu kadi. Kwa hiyo anayeishi Kisumu akisoma maoni ya mtu aliye Ulaya, chumba chake kina nyuzi 20, aongeze zile nyuzi kumi na ushei za kwetu kabla ya kuamua.

Joto hilo hilo linaila pawa saplai. Baadhi hupimwa uwezo wake zikiwa kwenye nyuzi 40, nyingine 50. Chagua ya 50, kwani ya 40 ndani ya kesi yenye joto haifiki namba iliyoandikwa. Ndani yake mna kapasita, vimikebe vinavyotunza umeme, na kwa makadirio ya mafundi kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha yake kwa nusu. Zilizoandikwa nyuzi 105 zinadumu kuliko za 85. Feni ya pawa saplai ikiwa inatazama chini, usiweke kesi juu ya zulia.

Stima yetu nayo ina tabia zake. Ikikatika, kapasita hizo hushikilia kompyuta kwa milisekunde 16 au 17 tu, kwa hiyo UPS, yaani betri ya kushikilia stima, ina maana. Ila soma wati zake, si VA, kipimo kingine kinachoandikwa juu yake: ya VA 650 mara nyingi hubeba chini ya wati 400, na baadhi ya UPS za bei ya chini hutoa stima yenye mawimbi ya ngazingazi ambayo pawa saplai nyingine huikataa. Gadi ya firiji inasaidia stima inaporudi kwa kishindo. Lakini gadi hiyo haiwezi kuzuia radi. Kakamega na Kisii wanajua, mawingu yakijikusanya alasiri unachomoa plagi. Ukigusa kesi na mkono ukasisimka, waya wa athi wa soketi yako haujafungwa, na hapo mwite fundi wa stima kwanza. Na ukikuta pawa saplai ya zamani yenye swichi nyekundu ya 115 na 230, hapa kwetu iwe 230. Ikiwa kwenye 115, italipuka pale pale unapoiwasha.

Yule kijana tulimwekea pawa saplai ya wati 550 na mnara wa feni moja. "Pap" ikaisha. Baada ya wiki tatu akarudi: sasa haizimi, lakini joto limepanda kutoka 76 hadi 91. Nilimuuliza mashine anaiweka wapi. Alikuwa ameenda kukaa kwa shangazi yake karibu na Dunga, kando ya Ziwa Victoria, ameiweka dirishani, taa zake za rangi zikiwaka usiku. Wadudu wa ziwani hufuata mwanga. Kichujio cha mbele kilikuwa kimefunikwa nao, wamekauka na kushikamana kama blanketi. Tulikichomoa, tukakiosha kwa maji na sabuni, tukakianika juani. Tuliporudisha na kucheza nusu saa, programu ya HWiNFO ilisoma 77. Taa za rangi amezizima, na mashine ameihamishia ukutani, mbali na dirisha.