Presha si wingi wa upepo

Kijana mmoja dereva alikuja gereji hapa Mtwara na boksi la kompresa ya kujazia tairi mkononi. "Mjomba, nifungie hii. Ile ya kwanza ilikuwa presha mia tu, ndiyo maana ilikuwa inachelewa. Hii ni mia na hamsini, itajaza chapuchapu."

Nimeisikia kauli hiyo kwa madereva wa Newala, kwa wenye magari ya mradi wanaokwenda Liwale, hata kwa mafundi wenzangu ambao wangepaswa kujua. Kila mara ni ileile: presha ikiwa kubwa, tairi litajaa haraka. Sivyo. Na kwa kuwa kosa hili linawatoa watu fedha nyingi mifukoni, nimeona niliandike badala ya kulirudia kwa mdomo kila Jumatatu.

Kwanza maana, kwa kifupi. Kompresa ya kufunga ni pampu ya hewa inayokaa ndani ya gari siku zote, chini ya boneti au nyuma ya kiti, ikitumia umeme wa betri ya gari lenyewe. Inanyonya hewa ya nje, pistoni inaibana, kisha hewa inasukumwa kwenye mpira wa kujazia au kwenye mtungi. Si kompresa ya AC, ambayo kazi yake ni kubana gesi ya ubaridi inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Anayeihitaji ni yule anayepunguza upepo ili apite kwenye mchanga au tope, halafu anatakiwa kuurudisha kabla hajakanyaga lami. Basi.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana ndipo tatizo lilipo.

Sisi huku tuna neno upepo, na tunalitumia kwa tairi tangu zamani: jaza upepo, pima upepo, tairi limeisha upepo. Dereva wa Fuso akisema gari haina upepo, anamaanisha mitungi ya breki haijajaa, usiondoke. Ukilichungulia neno hili, ndugu zake wote ni watu wa mwendo. Kuna kupepea, kuna kupepeta mpunga kwenye ungo, kuna kipepeo, kuna bendera inayopepea. Hata pepo, yule anayempanda mtu kichwani, ni wa ukoo huohuo, kitu kisichoonekana lakini kinapita na kutikisa. Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno pneuma, lenye maana ya upepo, pumzi na roho kwa pamoja, na ndilo lililozaa neno la Kiingereza la tairi za kujazwa hewa. Inanifurahisha kwamba watu wa mbali kiasi hicho waliona jambo lilelile. Kwa hiyo upepo kwa asili yake ni hewa inayokwenda. Hewa, neno tulilolipata kwa Waarabu, inaweza kutulia. Upepo hautulii.

Presha ni mgeni aliyeingia kupitia Kiingereza, na mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubana au kukandamiza. Kompresa ni mtoto wa mzizi huohuo, ila mbele yake kuna kiambishi chenye maana ya pamoja: kibana-pamoja, ukitaka. Na Kiswahili kilikuwa na neno lake zuri hata kabla ya presha kufika, nalo ni shinikizo. Leo tunalisikia hospitalini, shinikizo la damu, na kwenye siasa. Lakini kamusi za zamani zinaonyesha kwamba shinikizo ni mtambo wa kukamulia mafuta au miwa. Jirani yake ni kushindika, na sisi tunaolima ufuta Lindi na Mtwara hatuhitaji kueleweshwa kushindika ni nini. Unguja na Lamu ngamia walizungushwa kwenye vinu mchana kutwa kukamua ufuta.

Nawaomba mkae na mfano huo wa kinu. Mtu akinunua mashine ya kushindika ufuta, haulizi inakaza kwa nguvu kiasi gani kisha akaondoka ameridhika. Anauliza inatoa lita ngapi kwa siku. Kukaza kunahitajika, bila kukaza mafuta hayatoki. Lakini mashine ndogo inaweza kukaza sana na ikatoa kikombe kimoja kwa saa. Tunalijua hilo kwenye ufuta, tukifika kwenye hewa tunalisahau.

Kwa nini tunalisahau? Nadhani ni kwa sababu ya tairi. Ndani ya tairi mambo haya mawili yanatembea pamoja. Ukiongeza hewa, presha inapanda, ukiitoa, inashuka. Ndiyo maana fundi pancha akisema "nimekuwekea upepo thelathini" kila mtu anaelewa, ingawa alichopima si upepo. Alichopima ni msukumo wa hewa kwenye kuta za tairi, pauni 30 kwa kila inchi moja ya mraba, ndizo hizo PSI 30. Kwenye geji nyingine utaona bar, neno lililotoka kwenye Kigiriki cha uzito, na bar moja ni PSI 14.5. Sina ugomvi na fundi pancha. Kwa tairi lilelile, neno moja linatosha kubeba vyote viwili.

Kwenye pampu ndipo vinapoachana. Presha iliyoandikwa kwenye boksi ni kikomo tu, yaani pampu itaweza kubana mpaka hapo, baada ya hapo inakwama. Haisemi itafika hapo kwa dakika mbili au kwa nusu saa. Kinachosema hilo ni lita za hewa kwa dakika. Bomba la baiskeli la mkono, lile jembamba, linaweza kuvuka PSI 100 bila shida. Jaribu kujazia nalo tairi la Land Cruiser ya mkonga uone jua litakavyokuzamia. Au fikiria mgonjwa wa presha: shida yake si kwamba amebeba damu nyingi kuliko wewe.

Tufanye hesabu. Tuchukue tairi lenye nafasi ya lita 60 ndani, iwe rahisi. Limeshushwa mpaka PSI 15 kwa ajili ya mchanga, unataka lirudi 35. Unaongeza PSI 20. Hewa tunayovuta hapa pwani inabana kwa PSI 14.7 hivi, kwa hiyo 20 gawanya kwa 14.7, zidisha kwa 60, unapata lita 80 na kidogo za hewa ya nje kwa tairi moja. Matairi manne ni kama lita 330. Pampu inayotoa kweli lita 15 kwa dakika itakula dakika 22, kama haikuzimika njiani. Inayotoa lita 120 haifiki dakika tatu. Presha ya mwisho ni ileile 35 kwa zote mbili, na mia na hamsini haikuingia popote katika hesabu hii.

Kijana wangu ilimkuta hivyohivyo. Alikuwa ametoka ufukwe wa Msimbati upande wa Ruvula, ule mchanga ambao usiposhusha upepo unakulaza palepale. Jioni akachomeka pampu yake kwenye kitundu cha kuwashia sigara. Tairi la kwanza dakika sita. La pili likazidi, mshale wa geji unatetemeka bila kupanda. La tatu akasikia harufu ya rangi inayoungua, akagusa silinda, vidole vikaruka. Pampu ikazima. Akahitimisha kwamba presha yake ilikuwa ndogo. Lakini pampu ile ilikuwa na uwezo wa kufika 100, na tairi lilikuwa linaomba 35! Presha ilibaki ya kumwaga.

Hapa utaona pia kwa nini kuna kufunga na kuna kuchomeka. Lita zinalipwa kwa umeme. Kitundu cha kuwashia sigara kwa kawaida kina fyuzi ya ampea 10 au 15, na 15 mara volti 12 ni wati 180, hapo ndipo mwisho wake. Kompresa ya silinda mbili inaweza kuhitaji ampea 50 au zaidi. Hiyo lazima ivute moja kwa moja kwenye betri, kwa waya mnene na mfupi, fyuzi ikae karibu kabisa na betri na si mwisho wa waya, na rilei ibebe mzigo ili swichi ya kwenye dashibodi iwe ya kuamrisha tu. Ukiweka waya mwembamba, umeme unapotea njiani kama joto, mota inazunguka kichovu, na lita ulizolipia huzipati. Angalia pia kama gari lako ni la volti 12 au 24. Mahali pa kufungia pawe mbali na ekzosi, juu ya usawa wa maji ya mitoni, na pua ya kuvutia hewa iwe na chujio, maana vumbi la njia ya Nachingwea kwenda Liwale linasaga ringi za pistoni kama msasa. Injini iwe inawaka wakati unajaza.

Na joto. Hewa ikibanwa inapata moto, hilo halina dawa. Ndiyo maana kompresa nzuri inaeleza ifanye kazi dakika ngapi na ipumzike ngapi. Nalisoma hilo kabla sijaangalia presha.

Kwa haki, kuna mahali presha ndiyo yenyewe. Mwenye loki ya difu (ile inayofanya gurudumu la kushoto na la kulia yazunguke pamoja) inayofanya kazi kwa hewa anahitaji PSI 85 hadi 105 hivi, lakini hewa inayoingia mle ni kiduchu, hata kompresa ndogo inamtosha. Loki inataka msukumo mkali wa hewa kidogo. Tairi linataka hewa nyingi kwa msukumo wa wastani. Dereva wa Fuso naye tairi lake linaweza kutaka PSI 100 na kuendelea, kwa hiyo kikomo cha pampu kinamhusu. Mwenye gari dogo la porini, hapana.

Tahadhari moja zaidi kuhusu hizo lita. Wauzaji wengi huandika lita za mdomo wazi, yaani pampu ikipuliza hewani bila kusukuma chochote. Kadiri tairi linavyojaa, pistoni inapigana na msukumo wa ndani na lita zinapungua.

Tuligeuza boksi la kijana pamoja. Mbele, kwa herufi kubwa nyekundu: 150 PSI. Ubavuni, kwa herufi za kuumiza macho: lita 35 kwa dakika, na za mdomo wazi. Alinyamaza kidogo, akauliza kama duka litakubali kuirudisha.

Nilimwambia, mjomba, ile ya kwanza presha yake ilikuwa inatosha, ilichopungukiwa ni lita. Ukirudi dukani usiulize ina presha ngapi. Uliza: tairi likiwa limefika thelathini, hii inatoa lita ngapi kwa dakika?