Uliandika neno gani?

Mimi ni mkutubi wa chuo hapa Mtwara. Mwanafunzi akiniambia "mtandaoni hamna kitu kuhusu mada yangu", swali langu la kwanza huwa hilohilo: uliandika neno gani?

Juzi alikuja binti wa Newala anayetafiti ubwiri unga wa mikorosho. Bando lilikuwa linakaribia kuisha na alichoambulia ni habari za magazeti tu. Alikuwa ametafuta "ubwiri unga". Ndivyo wakulima wanavyouita ugonjwa huo, wala hajakosea. Lakini watafiti, hata wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kilicho jirani yetu, makala zao za kisayansi huziandika zaidi kwa Kiingereza, na kuvu anayeuleta ugonjwa huo humtaja kwa jina la Kilatini. Tukaandika "Oidium anacardii", pamoja na alama za nukuu ili maneno yasitenganishwe, katika Google Scholar, yaani Google ya kutafutia makala za kitaaluma. Makala zikaja. Tukazisoma muhtasari, tukagundua kwamba za miaka ya karibuni humtaja pia kwa jina la Erysiphe quercicola. Ukishika jina moja, kazi za upande wa pili hutaziona kabisa.

Lindi nako ni vivyo hivyo. Mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913 na sasa imesimama Berlin, aliitwa Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Leo wataalamu wengi humwita Giraffatitan brancai. Tafuta kwa yote mawili, na ujiandae kukuta Kijerumani.

Ukipata makala moja nzuri, usiiache haraka. Chini yake Google Scholar huonyesha kazi zilizoinukuu baadaye. Humo ndimo utafiti mpya ulimo. Ikidai malipo, bofya matoleo mengine, kwani mara nyingi lipo la bure kwenye hazina ya chuo fulani. Pitia pia African Journals Online, ya tangu 1998, yenye majarida ya Afrika ambayo Google huyaweka mbali. Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia, ipo pia, ila nywila yake hutolewa kwa taasisi iliyojisajili, hivyo muulize mkutubi wako.

Ikishindikana kote, mwandikie mwandishi barua pepe fupi yenye adabu. Binti yule alimwandikia mmoja jioni ileile. Asubuhi makala ilikuwa kwenye simu yake.