Boga la kujaza nyama: ganda kuiva si ndani kuiva

Tangu kampeni ya nishati safi ya kupikia ishike kasi, na mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 uweke lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034, jiko la gesi lenye oveni si kitu cha ajabu tena Dar es Salaam. Na oveni ikiingia nyumbani, mapishi yanabadilika. Boga ambalo tumezoea kulichemsha kwa chai, au kuliunga kwa tui la nazi wakati wa futari, sasa linajazwa nyama ya kusaga na wali kisha linaokwa zima. Ni chakula kizuri na kinashibisha familia. Sisi maafisa afya tunaletewa malalamiko ya kuhara na kutapika baada ya shughuli, ndiyo maana naandika.

Kosa kubwa ni kujaza nyama mbichi. Boga lina mnofu mnene wenye maji mengi, na joto hulipenya polepole sana. Kwa nje utaona ganda limekauka, pembeni pameanza kuungua, nyumba nzima inanukia, kumbe katikati nyama ina uvuguvugu tu, joto ambalo bakteria hulipenda. Nimeambiwa mara nyingi mno kwamba "moto unaua kila kitu". Moto unaua pale ulipofika! Katikati ya mjazo panatakiwa pafike angalau nyuzi joto 70, na tunapima katikati, hatupimi ganda.

Kwa hiyo kaanga nyama mpaka iive kabisa, kama unavyofanya kwa sambusa, na kitunguu, swaumu, tangawizi na bizari yake. Boga la kilo mbili hivi, ukishatoa mbegu, lioke tupu kwa nyuzi 190 hadi uma uanze kuingia. Mara nyingi ni dakika 45 au zaidi. Ndipo ulijaze mjazo ukiwa wa moto, ufunike, ulirudishe kwa nusu saa. Kama oveni yako ni ya umeme na LUKU ikaisha katikati ya kuoka, usiliache boga humo likisubiri umeme kwa saa tatu. Utakaponunua umeme, washa mara moja; ikichelewa, maliza kwenye jiko la gesi. Anayeoka kwa sufuria yenye makaa juu na chini afanyie kazi hiyo nje, kwani hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi na inaua watu chumbani.

Wali nao una jambo lake. Mchele hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukilala mezani usiku kucha katika joto la Dar, bakteria huyo hutoa sumu, na kuupasha moto asubuhi hakuiondoi. Wali wa kiporo uliolala nje ya friji usiutie kwenye boga, hata kama haujachacha. Boga likishaiva, lisikae mezani zaidi ya saa mbili. Linalobaki litoe mjazo wake, uutandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, kisha friji.

Na boga likiwa chungu, litupe. Kuna wanaoongeza sukari! Uchungu huo ni kemikali ya asili iitwayo kukubitasini, haiondoki kwa kupikwa, nayo huleta maumivu makali ya tumbo na kutapika. Hutokea hasa kwa maboga yaliyopandwa kutokana na mbegu za boga lililochavushwa na maboga machungu ya porini au ya mapambo. Onja kipande kidogo kabla ya kujaza, ukihisi uchungu tema.

Sasa wale mnaopika nyumbani na kuuza kwa oda za simu. Jibu la "hiki ni chakula cha nyumbani" halitufai. Ukishauza, unahudumia umma, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inakuhusu. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na maafisa afya wa halmashauri hufanya ukaguzi katika maeneo yao. Mpishi anatakiwa awe amepimwa afya na awe na cheti chake. Afisa akija, mwombe kitambulisho, ni haki yako. Akikuta kasoro, ataandika notisi inayotaja kasoro na muda wa kuirekebisha. Soma tarehe, usiiweke kabatini. Muda ukipita bila marekebisho, shauri huweza kufikishwa mahakamani. Chakula kisichofaa kinaweza kuzuiwa na kuteketezwa. Malipo yoyote ya serikali yana kumbukumbu namba yake. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa na sare.

Mtu akiugua baada ya kula, mpelekeni kituo cha afya kwanza, hasa mtoto au mjamzito, na anayehara apewe ORS njiani. Masalia ya chakula msiyatupe kwa aibu. Yawekeni kwenye chombo safi chenye mfuniko, friji, mkiandika saa kilipopikwa na saa kilipoliwa, kisha mjulisheni afisa afya wa kata.